Nairobi hadi New York: kilomita 11,840, na saa zake zinavyohesabiwa

Kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta (NBO) na John F. Kennedy (JFK) kuna kilomita 11,840 hivi. Ukizigeuza ni maili 7,355 za nchi kavu, au maili 6,390 za baharini ambazo ndizo marubani wanazotumia. Namba hiyo ni ileile kwenda na kurudi, masika na kiangazi. Saa ndizo zinazobadilika: tiketi ya kwenda huonyesha kama saa 15, ya kurudi kama 14, na ndege yenyewe inaweza kufika nusu saa kabla au dakika arobaini baadaye bila kitu chochote kuharibika. Mtu anayewahi mazishi, anayesindikiza mgonjwa, au anayepokewa na ndugu aliyeomba ruhusa kazini anahitaji kujua tofauti hiyo inatoka wapi, kwa sababu akijua atapanga nafasi ya kutosha mahali panapostahili.

Tuanze na kilomita. Hazipimwi kwa rula juu ya ramani ya ukutani. Ramani ya kawaida imenyoosha dunia iliyo duara, na kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo inavyovuta na kudanganya. Ukipiga mstari ulionyooka juu ya ramani hiyo kutoka Nairobi hadi New York na kuufuata kwa mwelekeo mmoja usiobadilika, utasafiri karibu kilomita 12,190. Njia fupi ya kweli ni ile inayozunguka uso wa dunia kama uzi uliovutwa juu ya tufe, na inaokoa kilomita 350, yaani zaidi ya dakika ishirini za kuruka.

Unaweza kuihesabu mwenyewe kwa kikokotoo chenye sin na cos. Chukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili kwa desimali. Nairobi ni −1.32 na 36.93. New York ni 40.64 na −73.78. Kusini na magharibi huandikwa kwa alama ya kutoa. Tofauti ya longitudo ni 36.93 kutoa −73.78, yaani 110.71. Sasa zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili: −0.0230 mara 0.6513 ni −0.0150. Kisha zidisha cos za latitudo zote mbili pamoja na cos ya tofauti ya longitudo: 0.9997 mara 0.7588 mara −0.3536 ni −0.2683. Jumlisha majibu hayo mawili, unapata −0.2833. Tafuta pembe yenye cos hiyo, nayo ni nyuzi 106.46. Kila nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.195 au maili 60 za baharini. Zidisha, unapata kilomita 11,837. Dunia si duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha zake, hivyo hesabu hii inaweza kupotoka, lakini si zaidi ya asilimia 0.5.

Makosa ya hapa ni mawili, na yote yanajulikana kwa jibu lake. La kwanza ni kikokotoo kuwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi. Namba zitakuwa za ajabu tangu hatua ya kwanza, maana sin ya 40.64 haitatoa 0.6513. La pili ni la hatari zaidi kwa sababu jibu linaonekana la maana: mtu anasahau alama ya kutoa kwenye longitudo ya New York, anapata kilomita 5,970 na kuridhika. Umbali huo ni wa kweli, ila unakupeleka Kirigizistani, karibu na mji wa Osh. Ukivuka kutoka mashariki ya Greenwich kwenda magharibi yake, longitudo hujumlishwa.

Mstari huo mfupi unapita wapi? Unaondoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, nyuzi 312 za dira. Unavuka kaskazini mwa Uganda karibu na Adjumani, unaikata Sudan Kusini, unagusa eneo la mpaka wa Darfur na Chad, halafu Chad, Niger na jangwa la Algeria. Unatoka Afrika kupitia Morocco, na baada ya hapo ni Atlantiki tupu isipokuwa visiwa vya Azores, ambavyo unapita kaskazini kidogo ya vile vya magharibi. Kilele chake ni latitudo 42 kaskazini, katikati ya bahari, kisha unaanza kushuka kuelekea New York. Wengi hudhani ndege itapita Ulaya. Ikifuata mstari huu, haigusi Ulaya bara hata kidogo.

Lakini ndege haifuati mstari huo kikamilifu. Anga ya Sudan imefungwa kwa safari nyingi za kiraia tangu vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, na anga ya Libya nayo mashirika mengi huiepuka. Juu ya jangwa kuna njia za anga zilizowekwa ambazo lazima zifuatwe, na juu ya bahari wapangaji wa safari huchagua njia kila siku kulingana na upepo. Wakati mwingine kilomita 200 za ziada zinaokoa muda kwa sababu zinakwepa upepo mkali. Kwa makadirio ya mezani, ongeza asilimia 3 kwenye umbali mfupi. Hapo 11,840 inakuwa kama 12,200, na hiyo ndiyo namba ya kugawanya.

Kasi nayo ina namba yake. Boeing 787 hutulia kwenye Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya kasi ya sauti, ambayo kwa baridi ya huko juu ni kama kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Hayo maneno "ndani ya hewa" ndiyo yanayobeba suala zima. Ndege husukuma hewa, na hewa yenyewe inatembea. Kilomita 12,200 kwa 900 ni saa 13 na dakika 33 ikiwa hakuna upepo. Weka upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa kama wastani wa njia nzima: kasi juu ya ardhi inashuka hadi 860, na muda unakuwa saa 14 na dakika 11. Ugeuze upepo huohuo uwe wa nyuma: kasi ni 940, muda ni saa 12 na dakika 59. Angalia kwamba upepo wa mbele umekula dakika 38 lakini wa nyuma umerudisha 34 tu. Ndivyo ilivyo daima, kwa sababu upepo wa mbele unakufanya ukae ndani yake kwa muda mrefu zaidi. Hivyo hata ukijumlisha kwenda na kurudi, siku za upepo zina saa nyingi kuliko siku za utulivu.

Upepo wenyewe unatoka magharibi kwenda mashariki. Katika latitudo za kati, kwenye kimo kilekile ambacho ndege hupenda kuruka, kuna mikondo ya hewa inayokimbia kwa kasi kubwa, na kiini chake katika majira ya baridi kinaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Njia ya Nairobi kwenda New York inaweza kukutana nayo mara mbili: kwanza juu ya kaskazini mwa Afrika, ambako mkondo wa subtropiki husogea kusini wakati wa Desemba hadi Machi, kisha juu ya Atlantiki. Saa za mwanzo, juu ya Uganda na Sudan Kusini, karibu na ikweta, upepo ni mdogo na hausumbui. Kwa hiyo ukiona skrini ya kiti inaonyesha kasi nzuri ya 900 saa mbili baada ya kupaa, usianze kumwandikia mtu ujumbe kwamba mtawahi kufika. Subiri uione kasi ya juu ya bahari. Siku mbaya ya Januari wastani wa njia nzima ukifika kilomita 80 kwa saa, safari ya angani inakuwa saa 14 na dakika 53.

Kisha kuna dakika ambazo ndege haiko kwenye kasi hiyo kabisa. Muda wa tiketi huhesabiwa kutoka geti hadi geti: tangu ndege inaporudishwa nyuma Nairobi mpaka inapoegeshwa New York. Ndani yake kuna kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda hadi kimo cha kuruka, kushuka, kusubiri zamu ya kutua, na kutambaa tena. JFK ni uwanja wenye msongamano, na dakika 20 za kutambaa baada ya kutua ni jambo la kawaida. Weka dakika 50 kwa yote hayo. Saa 14 na dakika 11 zinakuwa saa 15 na dakika 1. Za kurudi, 12 na dakika 59, zinakuwa saa 13 na dakika 49. Hapo umefika karibu kabisa na tiketi, bila kuuliza mtu.

Kanuni hiyohiyo inafaa viwanja vingine. Dar es Salaam hadi Muscat ni kama kilomita 3,970. Ongeza asilimia 3, gawanya kwa 900, ongeza dakika 50: saa 5 na dakika 20 na kitu. Kwa safari fupi, zile dakika 50 zina uzito mkubwa. Ndiyo maana Dar hadi Nairobi, kilomita 670 tu, huandikwa zaidi ya saa moja ilhali kwa kugawanya pekee ungepata dakika 45.

Sasa jambo ambalo abiria wengi hawalijui, nalo linaamua mengi katika njia hii: kimo cha Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. JFK uko mita 4. Kwenye kimo cha Nairobi hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko pwani. Mabawa yanahitaji hewa ili kuinua, na injini zinahitaji hewa ili kusukuma. Vyote viwili vinapungukiwa kwa pamoja. Ili mabawa yapate nguvu ileile, ndege lazima ikimbie juu ya lami kwa kasi iliyozidi asilimia 8, na ifanye hivyo kwa injini zenye nguvu pungufu. Njia ya kurukia ina zaidi ya kilomita 4 na bado haitoshi kubeba kila kitu. Joto likipanda mchana hewa inazidi kuwa nyepesi: nyuzi 12 za ziada huondoa asilimia 4 nyingine. Kuondoka usiku, hewa ikiwa baridi, kunaipa ndege nafasi ya kubeba tani za ziada, na pia kunaifikisha New York asubuhi, abiria wakiwa na siku nzima ya kuunganisha safari.

Kenya Airways ilipoanza safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018 ilitumia Boeing 787-8 ya viti 234. Ndege ya aina hiyo, kwa hesabu ya Boeing, inafika kilomita 13,530, kwa hiyo kwenye karatasi New York iko ndani ya uwezo. Lakini hesabu ya Boeing haianzii kwenye mita 1,624 ikikabili upepo wa mbele. Injini hula kama tani 5 za mafuta kwa saa, hivyo zaidi ya tani 70 zinaungua njiani. Juu yake kuna akiba ambayo sheria haisamehi: ya dharura za njiani, ya kwenda uwanja mbadala kama Boston au Philadelphia ikiwa JFK imefungwa, na ya kuzunguka angani dakika 30 mwishoni. Mafuta hayapunguzwi. Kinachopunguzwa ni mizigo ya kibiashara, na siku nyingine viti vinaachwa wazi. Ukiambiwa sanduku la ziada halitapanda leo hata ukilipa, sababu inaweza kuwa hiyo. Kutoka New York tatizo hilo halipo: uwanja uko usawa wa bahari, hewa ni nzito, na upepo unasukuma kutoka nyuma. Mwenye mizigo mingi ana nafasi nzuri zaidi akiwa anarudi nyumbani.

Njia za kuunganisha zinapaswa kupimwa kwa umbali kabla ya bei. Kupitia Amsterdam, Nairobi hadi huko ni kilomita 6,680 na kutoka huko hadi JFK ni 5,850. Jumla 12,530, yaani 690 tu zaidi ya moja kwa moja. Kupitia Doha ni 3,350 na 10,770, jumla 14,120. Hizo ni kilomita 2,280 za ziada, karibu saa mbili na nusu za angani, kwa sababu unaanza safari kwa kwenda mashariki ilhali unakokwenda ni magharibi. Doha inaweza kuwa na bei nzuri na huduma nzuri, na ukitokea Mombasa, Zanzibar au Dar hesabu inabadilika kidogo. Lakini mgonjwa au mzee asiyeweza kukaa sana akipewa chaguo hilo, kilomita hizo atazihisi kwenye miguu na mgongo. Kila unapounganisha, ongeza pia dakika 50 za pili, na muda wa kusubiri.

Sehemu inayowaangusha watu wengi haina uhusiano na ndege. Ni saa na tarehe. Kenya, Tanzania na Uganda ziko UTC+3 mwaka mzima, yaani saa 3 mbele ya UTC, saa ya dunia ya kulinganishia. New York iko UTC−5 wakati wa baridi na UTC−4 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tofauti ni saa 8, kisha 7, kisha 8 tena. Njia salama ni kupeleka kila kitu kwenye UTC kwanza. Mfano wa ratiba: ndege inaondoka Nairobi saa 5 usiku (23:00). Toa 3, ni 20:00 UTC. Ongeza saa 15, ni 11:00 UTC ya kesho yake. Toa 5 kama ni Januari, utatua 06:00, saa 12 asubuhi. Toa 4 kama ni Julai, 07:00, saa 1 asubuhi. Kurudi: unaondoka New York 12:30 mchana wa Januari, ni 17:30 UTC, ongeza 14, ni 07:30 UTC, ongeza 3, unafika Nairobi saa 4 na nusu asubuhi (10:30) ya siku inayofuata. Anayekupokea apewe tarehe ya kufika, asipewe ya kuondoka.

Na hapa kwetu kuna mtego mwingine. Tiketi huandika saa 24 kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia machweo. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 14, hiyo ni saa 6 na nusu ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 13. Ukienda uwanjani jioni ya tarehe 14, ndege imeshaondoka karibu siku nzima iliyopita. Ukimpigia dereva, mwambie, "Unichukue tarehe 13 saa 2 usiku," usimsomee tiketi.

Safari ya kwenda wakati wa Januari huwa usiku mtupu. Jua linazama Nairobi kama saa 12 na nusu jioni, na New York linachomoza 07:15 ya huko, ambayo Nairobi ni saa 9 na robo alasiri. Ni karibu saa 21 za giza, na ndege yote inaruka ndani yake. Kurudi ni kinyume: unaondoka mchana, unakimbilia mashariki, na giza linakukuta mapema kuliko aliyebaki New York. Mwenye kunywa dawa kwa saa maalumu afuate idadi ya saa zilizopita tangu dozi ya mwisho, asifuate saa ya ukutani ya mahali alipotua, na wa insulini azungumze na daktari wake kabla ya kusafiri, kwa sababu chakula cha ndegeni huja kwa ratiba ya ndege. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi.

Upande wa ardhini, fika Jomo Kenyatta saa 3 kabla, na usihesabu muda wa kufika kama muda wa kuingia jengoni: kuna ukaguzi kwenye lango la barabara, na safari za Marekani huwa na ukaguzi mwingine karibu na geti. Anayetoka Dar kwa tiketi tofauti na ile ya New York ajipe nafasi kubwa zaidi, maana ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri wala kumpa kiti kingine bure.

Ukitua JFK na una safari ya ndani, tuseme kwenda Minneapolis au Dallas, mzigo wako hautapita moja kwa moja hata kama kibandiko chake kimeandikwa mji wa mwisho. Kwa kawaida anayeingia Marekani huchukua masanduku yake kwenye uwanja wa kwanza, anapita forodha nayo, kisha anayakabidhi upya. Ongeza foleni ya uhamiaji, ukaguzi wa usalama wa pili, na pengine kuhama jengo kwa treni ya uwanjani. Saa 3 kati ya kutua na kupaa tena ni kiasi cha chini cha kukubali, na wakati wa baridi, upepo unapoweza kula dakika arobaini, chukua 4. Na soma vizuri herufi za uwanja: tiketi ya ndani ikiandikwa LGA au EWR, hiyo ni LaGuardia au Newark. Utatoka nje kabisa na kuvuka jiji kwa barabara pamoja na masanduku yako.